Usiende Bonn Kabla ya Gatumba: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Orodha hii ni ya kijana aliyemaliza shahada Chuo Kikuu cha Burundi, pale Mutanga, au aliyerudi na uzamili kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Ubelgiji, na sasa anasema anataka kuwa msomi wa siasa za kimataifa za tabianchi. Anataka kufundisha, kuandika, na siku moja kukaa nyuma ya kibao chenye jina la Burundi katika mikutano ya Umoja wa Mataifa. Ni kazi ya heshima na nchi inaihitaji. Lakini ni kazi inayowapoteza watu mapema, wengine wakiwa bado na nguvu zote, kwa hiyo nitasema bila kubembeleza.

Usianzie Bonn. Kila Juni wajumbe wa nchi zote hukutana Bonn, Ujerumani, kuandaa mkutano mkuu wa mwisho wa mwaka, na mkutano huo wenyewe huhama mji hadi mji: Sharm el-Sheikh 2022, Dubai 2023, Baku 2024, Belém 2025. Wapo wenzetu wanaozijua njia za tramu za Bonn kuliko barabara ya Gatumba. Mtu aliyeanza hivyo anazoea haraka lugha ya ukumbini, anajua nani anakunywa kahawa na nani, na anaweza kuzungumza nusu saa juu ya ustahimilivu bila kutaja mto hata mmoja. Muulize maji yalifika wapi mwaka 2021, atakutafutia ripoti ya mtu mwingine.

Anza Gatumba, nje kidogo ya Bujumbura. Mwaka 2020 mto Rusizi ulipasua kingo na kuingia kwenye nyumba za watu. Mwaka 2021 Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda. Mwaka 2024 likapanda tena, na Aprili mwaka huo serikali pamoja na Umoja wa Mataifa walitoa wito wa msaada kwa dunia. Nenda, uliza, pima, andika tarehe. Zungumza na waliohama na waliokataa kuhama. Kisha panda Kamenge na Kinama uwaulize wazee juu ya usiku wa Februari 2014, mvua iliposhuka kutoka milimani na kuua zaidi ya watu 60 kaskazini mwa Bujumbura. Utagundua kwamba haya tunayoyaita mafuriko ni mambo matatu tofauti: mto unaopasua kingo, ziwa linalopanda polepole na kukaa miezi, na makorongo yanayojaa kwa saa chache. Kila moja lina chanzo chake, ofisi yake inayohusika, na mkataba wake, au halina mkataba kabisa. Msomi asiyeyatenganisha hana la kumwambia mwanadiplomasia.

Soma Mkataba wa Ziwa Tanganyika kabla ya Mkataba wa Paris. Najua hili litakukera, maana wa Paris ndio wenye sifa. Lakini wa ziwa ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi nne, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ukaanza kutumika 2005, na chombo chake, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, kina makao yake hapahapa Bujumbura tangu 2008. Mashirika ya kimataifa yenye makao katika mji huu unaweza kuyahesabu kwa vidole, na hili linashughulika na somo lako hasa. Hata hivyo wanafunzi wanapita nje ya lango wakienda kutafuta mada ya tasnifu kwenye intaneti.

Na usisome vifungu tu, fuatilia ulivyozaliwa. Machi 1991 wanasayansi walikutana Bujumbura kwa kongamano la kwanza la kimataifa la hifadhi na bayoanuwai ya Ziwa Tanganyika. Mradi wa utafiti ukafuata, kuanzia 1995 hadi 2000, kwa fedha za Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Humo ndimo rasimu ya mkataba ilimoandaliwa. Katikati ya hayo nchi hii ilikuwa vitani, na Kongo ikaingia vitani pia. Tangu kongamano hadi saini ni miaka 12. Ukiwa huna subira ya miaka 12, tafuta kazi benki, hakuna aibu.

Usiseme kila kitu ni tabianchi. Hapa ndipo wengi huanguka, na huanguka kwa sababu kusema hivyo kunalipa. Chukua samaki. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake wanne walichapisha katika jarida la Nature kwamba kuongezeka kwa joto kumezuia maji ya chini yenye virutubisho kuchanganyika na ya juu, kwamba uzalishaji wa ziwa umepungua kwa karibu asilimia 20, na kwamba samaki huenda wamepungua kwa karibu asilimia 30. Makala ile ilizunguka dunia. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake wakajibu kwamba takwimu za mavuno zinaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe, zana na meli, kuliko hali ya hewa. Mwaka 2016 timu ya Andrew Cohen ikarudi na mashapo ya chini ya ziwa kuonyesha kwamba kupungua kulianza kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi. Bishano hili ni hazina. Anayefundisha upande mmoja tu anawanyima wanafunzi, na anayekwenda mkutanoni na upande mmoja atakutana na mjumbe aliyesoma wa pili.

Tazama pia majina. Katika wale watano wa 2003 hakuna hata mmoja wa kutoka Burundi, ingawa watu wa hapa, kama Profesa Gaspard Ntakimazi wa Chuo Kikuu cha Burundi, wameandika juu ya samaki na fukwe za ziwa hili kwa miaka mingi. Usikimbilie kunung'unika. Tafuta maandishi ya Ntakimazi, yasome, yanukuu. Anayelalamika kwamba wazungu hawawataji wasomi wetu, naye mwenyewe hajawahi kuwataja, anyamaze kwanza.

Halafu kuna mita 150. Sheria ya maji ya Burundi ya 2012 inasema ukanda wa mita 150 kutoka ziwani hauguswi. Zunguka mwambao wa Bujumbura uone kilichojengwa humo: mahoteli, baa, nyumba za watu wenye nafasi. Maji yalipopanda, baadhi ya wenye majengo hayo walikuwa wa kwanza kuzungumza juu ya tabianchi. Ukiandika juu ya hasara na uharibifu bila kutaja mita 150, umeandika nusu ya habari, na nusu uliyoiacha wenzako wa Ulaya wataisoma kwenye picha za setilaiti.

Jifunze Lukuga. Kama ningeruhusiwa amri moja tu, ingekuwa hii. Ziwa lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, nao uko Kongo, karibu na Kalemie. Mito mingi inaingia, Rusizi ikiwa mmojawapo. Mlango ni mmoja. Msafiri mvumbuzi Cameron alifika pale 1874, mwenzake Stanley 1876, na wakati ule mlango ulikuwa umezibwa na mchanga na majani hata ikawa shida kusema kama maji yanatoka au hayatoki. Miaka michache baadaye kizuizi kilikuwa kimekatika, mto ukienda kwa nguvu, na kina cha ziwa kikashuka. Yaani kiasi cha maji ya Bujumbura kinategemea mvua na jua, ndiyo, lakini pia kinategemea tope lililo kwenye mdomo wa mto katika nchi nyingine.

Sasa fikiri kama mwanadiplomasia. Miaka ya 2000 na baada yake kilio upande wa Kigoma kilikuwa maji kupungua, bandari kubaki pakavu, na maafisa wakazungumza juu ya kujenga kizuizi Lukuga ili maji yasikimbie. Baada ya 2020 kilio cha Bujumbura na Uvira ni maji kuzidi. Mlango uleule, mahitaji mawili yanayopingana, katika muda wa kizazi kimoja. Nani aamue mlango ufunguliwe kiasi gani? Kongo ina karibu asilimia 45 ya eneo la ziwa, Tanzania karibu 41, sisi karibu 8, Zambia 6. Mkataba wa 2003 unazitaka nchi zijulishane kabla ya kufanya jambo linaloweza kuwadhuru wengine. Unasema nini juu ya nchi inayodhuru kwa kutofanya kitu, kwa kuacha tope lijae? Hilo ni swali la sheria, la haidrolojia na la siasa kwa pamoja, na jibu lake haliko kwenye maktaba yoyote ya Ulaya.

Usidharau mito mingine. Burundi ilikuwa nchi ya sita kutia saini Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile, tarehe 28 Februari 2011. Ikauridhia 2023, na mkataba ukaanza kutumika Oktoba 2024 baada ya Sudan Kusini kujiunga. Nchi ndogo yenye chemchemi ya Nile kule Rutovu iligeuza hesabu za Kairo. Kama hilo halikufundishwa darasani kwako, lifundishe wewe.

Chagua kifungu kimoja ukae nacho. Kwenye mazungumzo ya tabianchi Burundi haikai peke yake. Iko katika G77 na China, katika Kundi la Afrika, na katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi. Makundi haya hugawana ajenda: mtu mmoja anafuata fedha, mwingine kilimo, mwingine uwazi wa ripoti. Ujumbe wa watu wachache hauwezi kukaa katika vyumba kumi kwa saa ileile. Anayeheshimiwa ni yule aliyefuata chumba kimoja miaka kumi, anayekumbuka aya ilitoka wapi, ni lini iliwekwa ndani ya mabano na nani aliyeyaondoa mabano. Mtazame Richard Muyungi wa Tanzania. Aliongoza chombo cha ushauri wa kisayansi cha mkataba wa tabianchi miaka ya 2012 na 2013, akabaki humohumo, na mwaka 2025 akashika uongozi wa wajadili wa Afrika. Hakuruka kutoka ajenda hadi ajenda kufuata upepo wa wafadhili.

Na kwa kuwa tumetaja wafadhili: usiishi kwa posho. Mnajua wenyewe. Warsha Jumatatu, semina Jumatano, uzinduzi wa mradi Ijumaa, hoteli ileile, chai ileile, mada ileile yenye jina jipya. Mshahara wa chuo ni mdogo, watoto wanasoma, sitamhukumu mtu kwa kupokea bahasha. Namhukumu kwa kuacha darasa. Mhadhiri aliyekosa vipindi vya muhula mzima kwa sababu ya ushauri mwelekezi hana haki ya kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuandika. Chukua kazi moja ya ushauri kwa mwaka, soma vizuri hadidu za rejea, na kabla ya kusaini hakikisha unaruhusiwa kuchapisha ulichokikuta. Ripoti isiyoruhusiwa kutoka kabatini haitakupandisha cheo, wala haitamfikia mvuvi wa Rumonge.

Usiwe mjumbe na mchambuzi wa chumba kilekile. Ukivaa beji ya serikali, uliyosikia katika kikao cha faragha cha kundi lenu yanabaki humo. Ukitaka uhuru wa kuandika, ingia kama mwangalizi kupitia chuo au shirika. Vyote viwili ni halali, kwa nyakati tofauti. Aliyetumia beji ya nchi kukusanya data ya makala hataitwa tena, na atakayeumia zaidi ni kijana anayemfuata, maana mlango ukifungwa hufungwa kwa chuo kizima.

Ingia IPCC, jopo la kimataifa la sayansi ya tabianchi, kwa mlango ulio wazi. Waandishi wa ripoti hupendekezwa na serikali na mashirika waangalizi, kwa hiyo mjue afisa anayeshughulikia IPCC katika nchi yako, na yeye akujue. Lakini rasimu zinapotolewa kwa uhakiki, mtaalamu yeyote anaweza kujiandikisha na kutuma maoni. Hulipi, huhitaji viza, na kila oni hujibiwa kwa maandishi. Anza na sura ya Afrika. Tafuta neno Tanganyika. Ona limesemwa nini na limeachwa nini. Watanzania wamekwisha kufika mbali kwa njia hii ya ripoti: Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa makamu mwenyekiti wa kikundi kazi cha pili, na Julai 2023, Nairobi, Ladislaus Chang'a alichaguliwa makamu mwenyekiti wa jopo lenyewe.

Usilipe jarida la matapeli. Barua pepe inayokuita "mtafiti mashuhuri" na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku tano kwa dola mia mbili ni wizi. Ifute. Majarida mengi ya kweli huwapunguzia au kuwasamehe ada waandishi wa nchi kama yetu. Uliza kabla ya kukata tamaa. Na kwa kusoma, usiseme huna vitabu: mpango wa Research4Life unavipa vyuo vya Burundi maelfu ya majarida bila malipo. Kama chuo chako hakijajiandikisha, nenda ukamsumbue mkutubi mpaka ajiandikishe.

Andika kwa Kifaransa na Kiingereza, hoji kwa Kirundi na Kiswahili. Kalemie na Bujumbura wanaandika barua za serikali kwa Kifaransa, Lusaka kwa Kiingereza, na nyaraka za Bonn hujadiliwa kwa Kiingereza hata pale ambapo wakalimani wapo. Msomi wa Bujumbura anayezimudu zote mbili ni nadra na ana thamani. Lakini aliyelelewa Buyenzi, mtaa wa Kiswahili wa Bujumbura, ana kitu zaidi: anaweza kushuka Uvira, Kalemie na Kigoma akazungumza na wavuvi bila mkalimani. Nchi hizi nne zilipokubaliana kufunga uvuvi kwa miezi mitatu, na Tanzania ikafunga kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, maswali yote mazuri yalikuwa midomoni mwa wauza ndagala na mukeke: nani anavua usiku, nani anauza ng'ambo, watoto wanakula nini. Mwanadiplomasia asiyejua majibu hayo anajadili karatasi.

Usitukuze asilimia. Mchango wa kwanza wa Burundi chini ya Paris, wa 2015, uliahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 3 kwa uwezo wetu na 20 kama msaada utakuja, kufikia 2030. Fundisha tarakimu hizo, na papo hapo fundisha kwamba hewa chafu ya Burundi ni kidogo mno kubadili lolote duniani. Kipimo chetu kiko kwenye kukabiliana: mitaro, miti ya milimani, tahadhari za IGEBU, taasisi ya taifa ya hali ya hewa, zinazomfikia mtu kabla ya maji.

Usiwaahidi watu fedha. Ukienda Gatumba na daftari, watakuuliza utawaletea nini. Jibu: siwaletei kitu. Fedha hizi huja polepole mno: Vanuatu, kwa niaba ya visiwa vidogo, ilipeleka hoja ya bima ya hasara mwaka 1991. Mwaka 2015, Paris ilitambua hasara na uharibifu katika kifungu cha 8, na siku ileile uamuzi ulioandamana nao, aya ya 51, ukasema kifungu hicho hakitoi msingi wa dhima wala fidia. Mfuko ulikubaliwa 2022, ukaanzishwa 2023 kwa ahadi za karibu dola milioni 700 kwa dunia nzima. Baku ikaahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Aliyepoteza nyumba 2021 hawezi kupanga maisha kwa tarehe hizo, nawe usimfanye apange.

Kuwa na mtu wa kumtazama. Mimi humtaja Calestous Juma. Alizaliwa 1953 Port Victoria, ukingoni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Akawa mwalimu, kisha mwandishi wa sayansi gazetini, akapata uzamivu Sussex mwaka 1987, na mwaka uliofuata akaanzisha Nairobi kituo cha utafiti wa sera za teknolojia, ACTS. Kuanzia 1995 hadi 1998 alikuwa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Bayoanuwai, kisha akafundisha Harvard hadi kifo chake Desemba 2017. Angalia mpangilio: alijenga taasisi nyumbani kabla dunia haijampa ofisi. Wengi wetu tunaungoja mpangilio wa kinyume, ofisi kwanza, na ndiyo maana tunangoja sana.

Usichelewe viza. Omba mara barua ya mwaliko inapofika. Safari nyingi za Juni zimefia kwenye foleni ya Mei.

Mwisho, usiniulize mada. Ziko mezani. Nani ana wajibu wa kusafisha mdomo wa Lukuga? Kwa nini kufunga uvuvi kunaheshimiwa pwani moja na kuvunjwa pwani ya pili? Familia zilizohamishwa Gatumba zina haki gani katika sheria yoyote iliyopo, ya Burundi au ya kimataifa? Nani aliruhusu ujenzi ndani ya mita 150, na saini yake ina tarehe gani? Chagua moja, uiandike kwa ukurasa mmoja, uupeleke Mamlaka ya Ziwa na kwa mwalimu wako kabla ya mvua za Machi.